Pikseli ya Picha na Pikseli ya Skrini: Somo la Kupima Picha za Hadubini kwa Kompyuta Mpakato

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8. Kipimo hicho hakitofautiani sana baina ya mtu na mtu, na kwa sababu hiyo watumiaji wa hadubini wamezoea kuifanya chembe hiyo kuwa rula ya asili: akitaka kukisia ukubwa wa kimelea kilichomo katika damu, mpimaji hukilinganisha na chembe nyekundu iliyo karibu nacho.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea jedwali la vipimo vya chembe hizo. Slaidi zake zilikuwa za makundi mawili. Kundi la kwanza lilitokana na wanawake wasio wajawazito, na wastani wa kipenyo cha chembe zao ulikuwa maikromita 7.5. Kundi la pili lilitokana na wajawazito, na wastani wao ulikuwa maikromita 9.4. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa, na mwanafunzi alikwisha kuiandalia maelezo mazuri. Mwili wa mjamzito huhitaji asidi ya foliki kwa wingi zaidi; asidi hiyo ikipungua, au vitamini B12 ikipungua, uboho wa mifupa hutoa chembe nyekundu ambazo ni kubwa kupita kawaida. Hayo ni kweli, na yamo katika kila kitabu cha elimu ya damu. Sura ya tano ya tasnifu yake ilikuwa tayari inapendekeza hatua za kuchukuliwa katika kliniki.

Mimi si tabibu, nami sikuwa na sababu ya kuyapinga maelezo yake. Lakini niligawanya 9.4 kwa 7.5, nikapata 1.25. Maumbile hayana mazoea ya kugawanyika vizuri namna hiyo. Nikamwuliza swali ambalo lilimshangaza: je, kati ya kundi la kwanza na kundi la pili ulibadili kompyuta?

Alikuwa amebadili. Kompyuta mpakato ya zamani ilikufa, akanunua nyingine yenye skrini bora zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi skrini bora ilivyoweza kuwakuza wanawake wale chembe zao za damu kwa robo nzima, na jinsi msomaji anayetumia programu za kuchambua picha anavyoweza kujikinga na kosa kama hilo.

Picha ni jedwali la namba

Kamera iliyofungwa juu ya hadubini haihifadhi picha kwa maana ya picha iliyochorwa ukutani. Huhifadhi jedwali la namba, lenye safu mlalo na safu wima, na kila chumba cha jedwali hilo huitwa pikseli. Namba iliyo katika pikseli hueleza kiasi cha mwanga kilichoangukia sehemu hiyo ya kamera. Kwa picha isiyo na rangi namba moja hutosha. Kwa picha ya rangi huwekwa namba tatu, yaani ya nyekundu, ya kijani na ya samawati.

Tukisema kwamba chembe ya damu ina upana wa pikseli 75, maana yake ni kwamba imeenea katika safu wima 75 za jedwali. Ili kuigeuza hesabu hiyo kuwa maikromita, twahitaji kujua kila pikseli ni sawa na maikromita ngapi katika slaidi. Hilo hujulikana kwa kupiga picha ya slaidi maalumu yenye rula ndogo iliyochorwa juu ya kioo, ambayo kwa kawaida ni milimita 1 iliyogawanywa katika sehemu 100, kila sehemu maikromita 10. Mwanafunzi wetu alikuwa amefanya hivyo kwa uangalifu: maikromita 100 za rula zilichukua pikseli 1,000, kwa hiyo pikseli 10 ni maikromita 1, na chembe ya pikseli 75 ni maikromita 7.5.

Msomaji aangalie kwamba mpaka hapa hatujaitaja skrini hata mara moja. Jedwali la namba limo katika faili, nalo lingekuwa vilevile hata kama kompyuta isingekuwa na skrini kabisa.

Skrini nayo ina pikseli zake

Kwa bahati mbaya neno pikseli hutumika pia kwa nukta za mwanga zinazoufanya uso wa skrini, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Nukta ya skrini ni kitu cha kushikika, chenye upana wake katika milimita. Pikseli ya picha ni namba tu na haina upana wowote mpaka sisi tuupe.

Kwa miaka mingi vitu hivi viwili vilikwenda pamoja bila ugomvi. Nilipokuwa ng'ambo nikiandaa shahada ya uzamivu, meza yangu ilikuwa na skrini ya inchi 19 yenye nukta 1,280 kwa 1,024, yaani nukta kama 86 katika kila inchi. Mfumo wa Windows ulikuwa, na hata leo ungali, ukichukulia kuwa inchi moja ya kawaida ina nukta 96. Waandishi wa programu walizoea kukadiria vitu vyao kwa nukta: kitufe hiki kiwe na upana wa nukta 24, herufi hizi ziwe na kimo cha nukta 12. Hakuna aliyehitaji kuuliza nukta yenyewe ina ukubwa gani, kwa kuwa skrini zote zilikaribiana.

Kisha viwanda vikaanza kuzisonga nukta. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta mpakato ya inchi 15.4 yenye nukta 2,880 kwa 1,800, ambazo ni 220 kwa inchi, na watengenezaji wengine wakafuata. Leo katika skrini ya inchi 15.6 mnunuzi anaweza kukuta nukta 1,366 kwa 768, ambazo ni 100 kwa inchi. Au 1,920 kwa 1,080, ambazo ni 141. Au 3,840 kwa 2,160, ambazo ni 282. Katika skrini ya kwanza nukta moja ina upana wa milimita 0.25, na katika ya mwisho milimita 0.09 tu. Jicho zuri la binadamu hutenganisha vitu viwili vikiwa na pembe ya dakika moja baina yao, na kwa umbali wa sentimita 50 pembe hiyo ni sawa na milimita 0.15 hivi. Kwa hiyo mwenye skrini ya nukta 282 kwa inchi hawezi tena kuiona nukta moja pekee. Herufi huonekana laini kama zilizopigwa chapa, na ndiyo faida inayouzwa.

Hasara yake humpata anayetumia programu ya zamani. Kile kitufe cha nukta 24, ambacho kwenye skrini ya kwanza kina upana wa milimita 6, kwenye skrini ya mwisho hubaki milimita 2.2. Programu imetii ilivyoagizwa, ila nukta ndizo zilizopungua ukubwa.

Programu ya ImageJ na tatizo la herufi ndogo

Katika maabara nyingi za vyuo vyetu programu inayotumika kupima picha ni ImageJ, au ile iliyojengwa juu yake iitwayo Fiji. Asili yake ni kazi ya Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani: mwaka 1987 alianza programu ya NIH Image kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka 1997 akaanza ImageJ, iliyoandikwa kwa lugha ya Java ili iweze kufanya kazi katika kompyuta za aina yoyote. Hutolewa bure, na jambo hilo peke yake latosha kueleza kwa nini imeenea.

Kuandikwa kwa Java ndiko kulikoiletea baraka na ndiko kulikoiletea adha hii. Toleo la 8 la Java, ambalo nakala nyingi za ImageJ zimeandamana nalo kwa miaka mingi, likiwa katika Windows huuambia mfumo kwamba linajua kujisimamia juu ya msongamano wa nukta, kisha halifanyi lolote. Matokeo yake ni vitufe vya milimita 2 na menyu zinazohitaji kioo cha kukuzia. Toleo la 9, lililotoka mwaka 2017, lilirekebishwa ili liulize kiwango cha ukuzaji kilichowekwa na mtumiaji na kupanua madirisha yake ipasavyo.

Mwanafunzi wetu alikuwa na toleo la zamani. Herufi zilimshinda, akamwendea rafiki yake, naye akamwonyesha njia inayojulikana: ukibofya faili ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukafungua sifa zake, kisha sehemu iitwayo "Compatibility", unaweza kuuamuru mfumo wa Windows uachane na madai ya programu na kuikuza wenyewe. Kompyuta yake mpya ilikuwa ya nukta 1,920 kwa 1,080, na mfumo ulikuwa umewekwa katika ukuzaji wa asilimia 125. Mara herufi zikawa kubwa, naye akaendelea na kazi kwa furaha.

Lakini mfumo wa Windows, ukiamriwa hivyo, haujui kitufe ni kipi na picha ya damu ni ipi. Huchukua dirisha zima kama lilivyochorwa na kulinyosha, kama mtu anavyouvuta mpira. Palipokuwa na nukta 4 huweka 5. Chembe iliyokuwa na pikseli 75 katika faili ikachorwa kwa nukta 94 kwenye skrini, ingawa juu ya dirisha programu iliendelea kuandika kwa unyofu kabisa kwamba picha inaonyeshwa kwa asilimia 100.

Hata hapo hapakuwa na madhara yoyote, maana ImageJ hupima jedwali lililo katika kumbukumbu wala haipimi skrini. Kama angechora mstari juu ya chembe ndani ya programu na kuagiza kipimo, angepata 75. Dhara lilitokana na desturi aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na ambayo nimeiona kwa wengi: alifungua picha, akarekebisha ung'avu mpaka ikampendeza, akatia alama za mishale, kisha akainasa picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, akaikata kingo na kuihifadhi. Vipimo alivifanya baadaye juu ya hizo picha za skrini, akitumia kipimo cha rula alichokiweka katika kompyuta ya zamani. Katika kompyuta ile ukuzaji ulikuwa asilimia 100, nukta ya skrini ikalingana na pikseli ya faili, na desturi mbaya ikatoa majibu sahihi. Katika kompyuta mpya ilitoa maikromita 9.4.

Laiti angenunua skrini yenye nukta nyingi zaidi, yenye ukuzaji wa asilimia 200, angepata chembe za maikromita 15, na kosa lingejitangaza lenyewe siku ya kwanza. Asilimia 125 ndiyo ya hatari kwa sababu jibu lake lafanana na ugonjwa. Na asingeishia kwenye kipenyo: kwa hesabu ya eneo kosa hilo huwa mara 1.56, na kwa ujazo huwa karibu mara mbili.

Jaribio la ubao wa drafti

Msomaji mwenye ImageJ anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake katika muda wa dakika tano. Fungua picha mpya kwa menyu ya "File", kisha "New", kisha "Image". Chagua aina ya biti 8, upana 256 na kimo 256. Halafu nenda "Process", "Math", "Macro", na uandike:

v=255*((x+y)%2)

Fomula hiyo yaagiza kwamba pikseli ambayo jumla ya namba za nafasi zake haigawanyiki kwa 2 ipewe thamani 255, na nyingine zipewe 0. Kwa maneno mengine umechora ubao wa drafti ambao kila mraba wake ni pikseli moja. Uonyeshe kwa ukuzaji wa asilimia 100 ndani ya programu, kisha uutazame.

Kama mfumo wa kompyuta hauongezi chochote, utaona uso wa kijivu ulio sawa pande zote, na ukisogeza macho karibu sana pengine utatambua chembechembe. Kama mfumo unakuza kwa asilimia 200, kila pikseli ya faili itajaza nukta nne za skrini, mbili kwa mbili, na ubao utabaki ubao. Lakini kama mfumo umewekwa asilimia 125 na ndio unaolinyosha dirisha, utaona kitu ambacho hukukichora: mistari ya kwenda na kukatisha, mithili ya kitambaa kilichofumwa, inayojirudia kila baada ya nukta 5. Nukta 5 haziwezi kugawanywa sawasawa kwa pikseli 4. Ama pikseli moja itapewa nukta mbili na wenzake moja moja, ama zote zitachanganywa kwa kulainisha mipaka, na vyovyote iwavyo mfumo utakuwa umebuni umbo ambalo halimo katika picha. Mtafiti wa misuli anayetafuta mistari midogo ya nyuzi, au wa mimea anayetazama kuta za seli, na atafakari hapo.

Sasa pitisha kishale polepole juu ya ubao huo na usome thamani zinazoandikwa katika dirisha kuu la programu. Hutakuta namba nyingine ila 0 na 255. Agiza histogramu kwa menyu ya "Analyze": ina nguzo mbili tu, kila moja ya pikseli 32,768, na wastani ni 127.5. Jedwali halikuguswa.

Kisha nasa picha ya skrini, kata sehemu ya ubao, uifungue katika programu na kuipima. Katika ukuzaji wa asilimia 125 utakuta upana wa pikseli 320 badala ya 256, na kama mfumo ulilainisha, histogramu itakuwa na thamani za kijivu za katikati ambazo wewe hukuziandika. Nimewafanyisha wanafunzi jaribio hili kwa miaka kadhaa, na ukimya unaofuata histogramu ya pili ni mzuri kuliko mhadhara wangu wowote.

Juu ya ung'avu

Upana si kitu pekee kinachopotea. Kamera nyingi za hadubini hutoa namba za biti 12, yaani viwango 4,096 vya mwanga, au biti 16, yaani viwango 65,536. Skrini ya kawaida huonyesha viwango 256 kwa kila rangi. Programu hulazimika kuchagua ni viwango vipi vya kamera vionyeshwe kama cheusi na vipi kama cheupe, na vilivyo kati huviweka katika makapu 256. Ukionyesha upana wote wa biti 12, kila kapu hubeba viwango 16 vya kamera.

Dirisha la kurekebisha ung'avu katika ImageJ hubadili ugawaji wa makapu hayo tu, na faili hubaki salama, isipokuwa ukibofya "Apply", ambapo namba zenyewe huandikwa upya. Picha ya skrini kwa upande wake huhifadhi makapu peke yake. Anayepima wingi wa rangi ya kemikali katika seli kwa kutumia picha ya skrini anapima, kwa hakika, jinsi alivyovisogeza vitelezi siku ile. Tena zipo picha zinazobeba maagizo ya kugeuza: katika faili ya mfano iitwayo Blobs, inayopatikana ndani ya ImageJ kwenye orodha ya picha za mifano, jedwali la rangi limepinduliwa, hata pikseli yenye thamani kubwa huonekana nyeusi na yenye thamani ndogo huonekana nyeupe. Wengi huitumia kwa mazoezi bila kulitambua hilo, kisha hushangaa kwa nini programu imehesabu mandhari badala ya vidoto.

Namna ya kurekebisha

Tuseme msomaji amenunua kompyuta yenye skrini ya nukta nyingi na menyu hazisomeki. Afanye nini? Njia ninayoipendelea ni kuiacha programu ijikuze yenyewe. Katika matoleo ya karibuni ya ImageJ, fungua menyu ya "Edit", kisha "Options", kisha "Appearance", na uongeze namba iliyo mbele ya maneno "GUI scale", kwa mfano iwe 1.5 au 2. Vitufe na madirisha ya maagizo yatakua, bali picha itaendelea kuchorwa pikseli kwa nukta. Katika dirisha hilohilo hakikisha kwamba alama ya "Interpolate zoomed images" haijawekwa, ila kama unajua kwa nini unaitaka. Ikiwekwa, programu hulainisha mipaka ya pikseli kila unapokuza, na hutaweza kujua mwisho wa data na mwanzo wa ulainishaji.

Picha itaonekana ndogo, na hilo lisikutishe. Ubao wetu wa pikseli 256 kwenye skrini ya nukta 282 kwa inchi una upana wa sentimita 2.3 tu. Ikuze ndani ya programu kwa asilimia 200, 300 au 400. Hizi ni namba kamili, na kila pikseli itakuwa mraba wenye pande sawa na jirani zake. Epuka asilimia 75 na 150 unapochunguza vitu vidogo, na kumbuka kwamba chini ya asilimia 100 kuna pikseli ambazo hazionyeshwi kabisa au zimechanganywa na nyingine; kimelea kichanga kilicho kama nukta chaweza kutoweka machoni hali kimo katika faili.

Kama toleo lako halina namba hiyo ya kukuza, au unatumia programu nyingine isiyojua kujikuza, basi uache mfumo wa kompyuta ukuze, na ikiwezekana uuweke katika asilimia 200 badala ya 125 au 150. Hutakosea vipimo mradi unapima ndani ya programu juu ya faili ya asili.

Kuhusu rula: piga picha ya slaidi ya rula kwa kila lenzi ya hadubini, kwa kamera ileile na mpangilio uleule wa kamera, uihifadhi pamoja na picha za kazi. Chora mstari juu ya maikromita 100, fungua "Set Scale" katika menyu ya "Analyze", uandike urefu huo na kizio chake. Pale pana kisanduku cha "Global", ambacho hukitumia kipimo hicho kwa picha zote zitakazofunguliwa. Ni rahisi, na ni mtego vilevile, kwani picha ya lenzi ya 40 itapimwa kwa rula ya lenzi ya 100 bila onyo lolote. Mimi hukitumia kwa kundi moja la picha na kukifuta kabla sijaondoka mezani. Hifadhi matokeo katika muundo wa TIFF, ambao ImageJ huandika ndani yake kipimo cha rula pamoja na namba zote bila kuzipunguza. JPEG iwe ya kutuma kwa rafiki.

Picha ya skrini ina mahali pake: katika mhadhara, katika barua kwa msimamizi, katika kuonyesha mahali dirisha lilipogoma. Hata kwa kielelezo cha tasnifu ni afadhali kuitoa picha kutoka ndani ya programu yenyewe, pamoja na mstari wa kipimo, ambao ImageJ huuchora kwa agizo la "Scale Bar" katika menyu ya "Analyze", ndani ya kifungu cha "Tools". Mstari huo hukua na kupungua pamoja na picha, hata mchapaji akiibana ukurasani.

Jambo moja la mwisho huulizwa kila mwaka: je, skrini ya nukta nyingi huifanya hadubini ione zaidi? La. Mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kwamba umbali mdogo kabisa unaoweza kutenganishwa hutegemea urefu wa wimbi la mwanga na uwazi wa lenzi. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 na lenzi ya mafuta yenye uwazi wa 1.25, umbali huo ni nanomita 220. Kilichozuiliwa pale kwenye lenzi hakirudishwi na duka la kompyuta.

Turudi kwa mwanafunzi. Picha za asili za kundi la kwanza alikuwa nazo zote. Za kundi la pili, kwa kuwa kompyuta ya kamera ilikuwa imejaa, alikwisha kufuta zaidi ya nusu, akibaki na picha za skrini tu. Tulijadiliana kama angeweza kugawanya kila kipenyo kwa 1.25 na kuendelea. Kwa hesabu tupu ingewezekana, lakini picha zilikuwa zimelainishwa na mipaka ya chembe imetanuka, na mtahini angekuwa na haki ya kuuliza ni kiasi gani. Bahati nzuri slaidi zenyewe zilikuwa bado ndani ya sanduku lake, zimekauka na kuandikwa namba. Alirudi maabara kwa wiki tatu, akazipiga picha upya, akazipima ndani ya programu. Wastani wa kundi la pili ulitoka maikromita 7.4, na sura ya tano ikaandikwa upya ikiwa na kurasa nne badala ya kumi na moja.